Ukurasa wa Ndege

Lufingo, Jumapili mchana

Mwanangu Tusajigwe,

Sikuulizi hali, maana asubuhi tumekunywa chai meza moja na hali yako naijua. Umekwenda Kinyala na mama yako kumuaga bibi mzaa mama, mvua imewakuta huko, na kwa jinsi ninavyoijua mvua ya kwetu hamtarudi kabla ya saa kumi na moja. Nimebaki na nyumba peke yangu. Nimeona niandike kile nilichoshindwa kukisema kwa mdomo tangu siku uliponiletea zile karatasi.

Mambo ya safari sikuandikii. Mama yako ameshakupa maagizo ya sweta, ya kutokula kitu cha mtu kwenye basi, ya kupiga simu ukifika, na ameyarudia mpaka umeanza kumjibu kabla hajamaliza. Mimi nilikaa pale nikisikiliza. Ukaniangalia ukauliza kama mimi sina neno. Nikasema safari njema. Niliona ulivyoinamisha uso, na sikufanya kitu. Kesho asubuhi unaondoka, na hata sasa najipapasa ndani nikitafuta huzuni, siipati. Nakupenda, hilo naliandika kwa sababu kulisema sijawahi. Ila nina ganzi ya siku nyingi, na una haki ya kujua ilipoanzia, kwa kuwa imeanzia kwenye kazi hiyo hiyo unayokwenda kujifunza.

Nianze na karatasi zako. Ulizitoa kule stationari mjini, mafungu mawili, moja la chuo cha Unguja na jingine la chuo cha Tanga. Vyote viwili vimekukubali ukajifunze kuzamia, na baadaye uwe wa kuongoza watalii chini ya maji. Kila chuo kinafundisha chini ya shirika lake la nje, na kila shirika lina masharti yake ya mafunzo na kadi yake ya kuhitimu. Uliziweka mbele yangu ukasema kwa kuwa nilizamia zamani nikuchagulie shirika. Nikakuambia niachie nizisome. Nikakaa nazo wiki tatu, na juzi nikakurudishia nikisema yote mazuri tu. Hilo halikuwa jibu, na nadhani ulilijua.

Mama yako anadhani sikuzisoma. Nimezisoma mpaka kona zimejikunja. Nilichukua daftari langu la kule kwenye banda la chai, nikapiga mstari katikati ya ukurasa, Unguja huku na Tanga kule, nikaandika sharti kwa sharti. Mengi yanafanana. Wote wanataka cheti cha daktari, wote wanataka mtu aweze kuvua miwani ndani ya maji na kuivaa tena, kumgawia mwenzake hewa, kupanda juu polepole. Ukitazama kwa haraka utasema ni karatasi moja iliyopigwa mihuri miwili. Ndiyo maana watu wa kazi hii hupenda kusema shirika si kitu, mwalimu ndiye kila kitu. Mwalimu wangu alisema hivyo. Mimi nami nilisema hivyo kwa miaka.

Tofauti zimejificha kwenye maneno madogo. Unguja wanasema mwanafunzi aonyeshe kila jambo. Akilionyesha mara moja, mwalimu anatia alama ya vema na wanaendelea. Tanga wanasema alirudie kwa siku tofauti mpaka mwalimu aridhike. Unguja nadharia unaisoma kwenye simu, unabonyeza majibu, ukikosa unabonyeza tena hapo hapo. Tanga unakaa mbele ya mtu na kumweleza kwa mdomo wako. Unguja mwalimu mmoja anaingia majini na wanafunzi wanane, Tanga wanne. Jaribio la kuogelea Unguja unaweza kulifanya umevaa mapezi, Tanga ni miguu mitupu. Unguja ni siku nne, Tanga siku kumi na mbili. Na lipo moja nililolipigia mstari mara mbili. Kwa Unguja, mwanafunzi akishamaliza orodha, mwalimu hana ruhusa ya kumwongezea sharti wala kumnyima kadi. Kwa Tanga anaruhusiwa kusema bado. Mtu anaweza kuona hilo la Unguja ndilo la haki, maana linamlinda mwanafunzi na mwalimu mwenye chuki. Nimelifikiria siku nzima na sikuona kosa ndani yake.

Halafu upo ukurasa wa ndege, hizi za abiria. Unguja wameuweka mwishoni kabisa, aya tatu, na habari za milimani wamezitenga kwenye kozi nyingine ya baadaye. Tanga wameuweka katika somo la pili na wanakuuliza kwa mdomo. Huo ndio ukurasa ninaotaka kukueleza.

Unajua kwamba kabla hujazaliwa nilikuwa nafanya kazi ziwani, upande wa Matema. Watu tunawaambia nilikuwa mvuvi. Kazi yenyewe ilikuwa kukamata wale samaki wadogo wa rangi wakiwa hai, chini kwenye miamba, wanatiwa kwenye mifuko ya maji na kupelekwa nje kwa watu wanaowafuga ndani ya vioo sebuleni. Tajiri wetu alikuwa mgeni, na alituletea mwalimu wa kuzamia kutoka mbali ili tupate kadi. Tulikuwa vijana sita. Alitufundisha siku nne. Alikuwa mtu mwema, mvumilivu, mwenye utani, na sijawahi kumchukia hata baada ya yote.

Siku ya nne tulikuwa tumechoka na kitabu kilikuwa kimebakiza sura moja. Akafungua. Juu ya ukurasa palikuwa na picha ya ndege, na kichwa chake kilihusu kupanda ndege baada ya kuzamia. Akatutazama, Wanyakyusa sita tumekaa mchangani na kaptula mbichi, akauliza, "Nani kati yenu atapanda ndege wiki hii?" Tulicheka mpaka mmoja akapaliwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona ndege ikiwa chini. Akacheka na yeye, akatia vema kwenye kile kisanduku, akafunga kitabu, tukapiga picha. Sikuwahi kushika kitu nilichojivunia kama ile kadi. Nilimwonyesha hata kondakta wa gari.

Baada ya miaka miwili nikawa msaidizi wa tajiri, nikapewa karatasi ya kuniruhusu kuwafundisha wengine. Wa kwanza kumleta alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, baba yako mdogo Lusekelo. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Majini alikuwa mwepesi kuliko sisi wote, kitu ukimwelekeza mara moja ameshakishika, na kwa sababu hiyo nilimfundisha siku tatu badala ya nne. Kila kisanduku nilikitia vema mimi. Tulipofika kwenye picha ya ndege nikamtazama nikauliza nani atapanda ndege wiki hii. Niliiga mzaha wa mwalimu wangu neno kwa neno, hata sauti. Lusekelo akacheka. Nikatia vema, nikaweka sahihi, na yeye akaweka yake chini ya yangu.

Nilikuwa sijaisoma sura ile. Nilishuhudia kwa sahihi yangu kwamba amefundishwa jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua.

Ulikuwa na miezi minne, uko mgongoni kwa mama yako hapa Lufingo, wakati mama yangu alipofariki. Habari ilitufikia ziwani alasiri. Siku hiyo Lusekelo alikuwa ameingia majini mara nne, na mara ya mwisho alikwenda chini sana kwa sababu samaki walioagizwa walikuwa wanakaa huko. Mimi niliingia mara moja tu asubuhi, mchana wote nilikuwa juu najaza mitungi ya hewa. Nataka ujue kwamba majini hakukosea kitu. Alipanda polepole, akangoja pale pa kungoja, akatoka anatabasamu na samaki wake. Ndipo akaambiwa.

Wewe ni mtoto wa huku, huhitaji nikueleze msiba wa mama ni kitu gani kwetu. Mtoto anatakiwa afike akiwa anakimbia. Akikuta kaburi limeshafukiwa, jina lake limeharibika. Lusekelo alikuwa kitinda mimba, na alikuwa ameshaanza kusemwa kwamba mama anaugua yeye yuko ziwani. Hatukuoga. Tulipata gari lililobeba mchele wa Kyela, tukakaa juu ya magunia, tukaanza kupanda kuja huku.

Lusekelo alikuwa amenunua pakiti nne za krispi za watoto watakaokuwepo msibani. Barabara ilivyozidi kupanda zile pakiti zikaanza kuvimba. Tulipofika kwenye mashamba ya chai zilikuwa zimetuna kama mto wa kulalia. Akanionyesha moja akasema, "Kaka, hizi nazo zimefiwa, zimevimba macho." Nikacheka, halafu nikaona aibu kucheka. Akaniambia bega linamwasha. Nikasema ni magunia.

Nimeishi na zile pakiti miaka ishirini na mbili. Zilikuwa mikononi mwetu zikitueleza kila kitu.

Nitakueleza kama ninavyoelewa sasa. Mtu akiwa chini ya maji, hewa anayovuta inajipenyeza ndani ya damu na nyama. Akipanda polepole inatoka taratibu, lakini haiishi siku hiyo. Inayobaki inataka muda, siku nzima na zaidi. Ukiipeleka mahali pa juu kabla haijatoka, inafanya mapovu ndani ya mwili, kama soda iliyofunguliwa. Ndege ni mahali pa juu. Huku kwetu Tukuyu pia ni mahali pa juu. Tulidhani ukurasa ule uliandikwa kwa ajili ya wazungu wenye tiketi, kumbe kwa upande wetu ulikuwa unasema juu ya barabara ya kurudi nyumbani.

Tulifika jioni. Alilia na watu, hakulalamika tena. Asubuhi akasema miguu ni mizito. Wakati wa maziko alipokwenda kutia udongo miguu ikamwacha, akaanguka kando ya kaburi la mama. Watu wakadhani ni uchungu. Walipomwinua hakuweza kusimama, na alipobanwa kidole cha mguu hakusikia.

Tukampeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana, aliuliza vizuri na kwa upole, huyu anafanya kazi gani. Mimi ndiye niliyejibu. Nikasema mvuvi. Haukuwa uongo wa makusudi, ndivyo tulivyozoea kuwaambia watu. Akamtundikia dripu na kumpima malaria. Hewa safi ya mtungi, ile wanayopewa wagonjwa wa kifua, ndiyo msaada wa kwanza kwa mtu kama yeye, nayo ilikuwa chumba cha pili. Ningesema mzamiaji, labda angeuliza swali la pili, au angempigia simu mtu anayejua. Labda isingesaidia. Sijui, na sitajua.

Siku ya nne, akiwa amerudishwa nyumbani vilevile, ukoo ulikaa. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, ndiye aliyesema. Alisema watu wamemnung'unikia huyu mtoto, mama yake ameugua miezi miwili yeye anashika samaki wa mapambo, na manung'uniko ya watu ni pumzi ya baridi, inaingia mwilini. Sisi ni watu wa kanisani, mchungaji alikuwepo na alisali, lakini hakuna aliyebisha. Ikaamuliwa Lusekelo aombe msamaha. Alikuwa na ng'ombe mmoja, jike, aliyemnunua kwa mshahara wake wa ziwani na kumfugisha kwa rafiki yake kule Kawetele. Akamtoa achinjwe.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshuka ziwani kumwarifu tajiri na kuchukua nguo zetu. Wakati nakunja nguo nikakiona kitabu. Sijui kwa nini nilikifungua. Niliusoma ukurasa wa ndege nikiwa nimesimama. Chini ya picha, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba ni vilevile kwa mtu anayepanda mlima kwa gari. Walitaja na kuwashwa bega, walitaja na miguu kuwa mizito. Nikauchana ukurasa ule, nikautia mfukoni pamoja na ile fomu yenye sahihi zetu mbili.

Nilifika nyumbani nyama ikiwa jikoni. Lusekelo alikuwa amekalishwa kwenye mkeka, na ndugu walikuwa wanapita mmoja mmoja, yeye anamshika kila mmoja mkono na kusema, "Nisameheni." Alilisema hata kwa watoto. Aliniambia na mimi. Karatasi zilikuwa mfukoni. Nilichotakiwa kufanya ni kuzitoa na kuzisoma kwa sauti.

Nikamwambia nimekusamehe. Halafu nikaletewa sahani, nikala nyama ile.

Ukiniuliza kwa nini, nitakupa sababu ambazo nimezipanga kwa miaka mingi na hakuna inayotosha. Niliogopa kuonekana. Niliona watu wameshapata sababu na wametulia, na mama ameshazikwa. Nilijiambia kwamba kujua hakutamrudishia miguu. Hiyo ya mwisho ni kweli, na ndiyo iliyonifaa zaidi. Baada ya sahani ile sikulia, wala kwa mama sijawahi kulia mpaka leo. Kuna kitu kilizimika, na sikukitafuta kwa sababu bila hicho ilikuwa rahisi kuamka asubuhi na kwenda shambani.

Sikurudi ziwani. Nikashika chai, na baadaye wakaniweka kukagua majani pale bandani. Ulipokuwa shule ya msingi ulirudi siku moja unalia kwa sababu nilikataa kapu la mama wa rafiki yako mbele ya watu. Ulisema kila mtu ananiita katili. Majani yake yalikuwa magumu, yamechumwa ovyo, nami nikayamwaga. Nimeyamwaga ya majirani, ya wanakwaya wenzangu, na ya mama yako mara mbili, na unajua nilivyolala siku hizo. Watu wanadhani napenda ukubwa. Mimi siwezi tena kutia vema mahali ambapo sijatazama, basi.

Wakati huo baba yako mdogo akajifunza kutengeneza miamvuli na viatu, na kwa mvua hii hajakosa kazi. Miguu ilimrudia nusu, ya kutembelea magongo mawili. Wewe umekulia barazani kwake. Yeye ndiye aliyekuhadithia samaki wa bluu wanaolea watoto mdomoni, na jinsi chini kulivyo kimya, na jinsi mwanga unavyoingia kwa mshazari. Nilikuwa nasikia nikiwa upande wangu wa ua. Hakuwahi kulilaumu ziwa. Amejilaumu mwenyewe. Umeshamwona anavyowahi misiba. Hakuna msiba hapa Lufingo ambao Lusekelo hakuwa wa kwanza kufika, kwenye matope, na magongo yake, hata wa mtu asiyemjua. Mlikuwa mnamtania kwamba anafuata pilau. Anaogopa kunung'unikiwa tena. Nimemtazama akiteleza na kuinuka kwenye njia ile ya kanisani miaka yote hii, na karatasi ziko kwenye sanduku langu.

Uliponiletea mafungu yako mawili, nikafika kwenye ukurasa wa ndege, nikaona kwamba sasa ni zamu yako. Utazamia, na nyumbani kwenu ni huku juu. Sikuweza kukueleza wewe kabla ya kumweleza yeye.

Nilikwenda jana asubuhi. Alikuwa anashona kitambaa cha mwamvuli kwenye chuma chake. Nilikaa kwenye kile kigoda cha wateja nikampa ukurasa, halafu fomu. Kwa jinsi ukurasa ulivyokunjika ilimchukua muda kuusoma. Alisoma na herufi ndogo. Nikamwambia yote kama nilivyokuandikia, na nyama nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa pigo la gongo, au kwa kilio. Nilikuwa hata natamani.

Mteja mmoja akaja, akachukua viatu vyake, akaenda. Ndipo akasema, "Basi yule ng'ombe."

Nikasema ndiyo.

"Alikuwa na mimba, kaka. Ulijua?"

Nikasema nilijua.

Akachukua sindano akaendelea kushona. Alishona upande mzima. Mimi sikuondoka kwa sababu sikujua niondoke vipi. Baadaye akauliza kama wewe unajua. Nikasema hujui, nitakuambia kabla hujaondoka. Akasema nisikuambie kwa mdomo, nitaharibu, nikuandikie. Hajaniambia amenisamehe na sikumwomba, maana neno hilo nimeshaona lilivyotumika. Leo kanisani alikaa benchi la mbele yangu. Alipita bila kunisalimu, halafu wakati wa kutoka akanipa gongo moja nimshikie akifungua mwamvuli. Sijui ni nini hicho. Nakuandikia kama kilivyotokea.

Sasa nikujibu. Kama ni mimi ninakwenda, ningekwenda Tanga. Sisemi Unguja ni wabaya, na kadi zote mbili zinapokelewa kila mahali. Siku nne zinaweza kukutosha, kwa kuwa wewe nawe ni mwepesi, kama yeye. Ila sikubaliani tena na ule usemi kwamba mwalimu ndiye kila kitu. Mwalimu wangu alikuwa mtu mzuri. Mimi nilikuwa kaka mwenye mapenzi na mwanafunzi wangu, na ninaamini hakuna ambaye angemtakia Lusekelo mema kuliko mimi. Masharti ni ya ile siku ambayo mtu mzuri amechoka na kila mtu anacheka. Shirika langu halikunidai nimsikie Lusekelo akinieleza ukurasa ule kwa mdomo wake. Lilinidai alama ya vema, nami nikalipa alama ya vema.

Usiende Tanga kwa sababu baba amesema. Simu unayo, wapigie wote wawili kabla hujafika pale Chalinze ambapo utatakiwa kuamua basi gani. Waulize swali moja tu, mara ya mwisho walimnyima nani kadi, na kwa nini. Wakikuambia hawajawahi, washukuru. Wakikueleza habari za mtu, hata bila jina, sikiliza wanavyomwongelea. Na siku na wewe utakapokuwa mwalimu, utafika kwenye ukurasa ambao wanafunzi wako wanaona hauwahusu. Waulize kwao ni wapi, na njia ya kufika kwao inapita wapi.

Ukurasa nimeuweka kwenye begi lako dogo, ndani ya biblia, pamoja na fomu. Lusekelo ndiye aliyesema upewe. Sahihi zote mbili bado zinasomeka.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo lililonifanya nikae kuandika. Iko siku utatoka majini, hata nguo hujabadilisha, ukute umepigiwa simu kwamba mimi au mama yako hatupo. Najua utakavyofanya, kwa sababu nimekulea. Utataka ndege ya kwanza ya Songwe au basi la kwanza, ufike unakimbia. Usije siku hiyo. Kaa huko, lia huko, lala, na kesho yake yote kaa, ndipo upande. Kama wapo wa kunung'unika watanung'unika, na hayatakuingia mwilini, hilo sasa nakuambia kama mtu aliyeona kinachoingia.

Jana, nilipokuwa nainuka kwenye kigoda, nilimweleza Lusekelo kwamba ninaogopa jambo hilo. Nilisema ukoo hautakubali kungoja. Hakuinua macho kwenye mwamvuli wake. Alisema, "Mimi huwa wa kwanza kufika. Nitakaa kwenye udongo wa kaburi lako na haya magongo, na hakuna atakayefukia mpaka mtoto afike."

Kwa hiyo chelewa, mwanangu. Huku kwetu kuna baridi, siharibiki kwa siku mbili. Utanikuta.

Baba yako,
Ambakisye